Kusafisha na kukarabati dohani Dodoma: maswali mnayoniuliza kuhusu bei

Nafanya kazi ya dohani na majiko ya kuni hapa Dodoma mjini, na nikiitwa natoka hadi Mvumi, Kongwa na Bahi. Karibu kila anayenipigia huanza na "Fundi, bei gani?" Nikitaja bei kabla sijaona, ama nakupunja ama najipunja mwenyewe. Kwa hiyo nimeandika hapa yale ninayoyarudia kila wiki. Bei ni zangu mimi, kwa kazi ninazofanya sasa. Saruji na chuma vikipanda, nazo zitapanda.

Hivi nyumba yangu ina dohani kweli?

Ukiita "bomba la moshi" au "chimni", ndiyo hiyo hiyo. Kwa hapa kwetu nakutana na aina tatu. Ya kwanza ni bomba la chuma au bati linalotoka kwenye jiko banifu la kuni na kupita kwenye paa au ukutani, na hii ndiyo iliyo kwenye majiko mengi ya nje. Ya pili ni dohani ya matofali ya kuchoma, ambayo naiona kwenye nyumba chache za zamani na kwenye oveni za mikate. Ya tatu imekuja na nyumba mpya za Iyumbu na Njedengwa: mwenye nyumba ameona picha ya sebule yenye meko, akaitaka. Inawashwa wiki mbili za Julai, basi. Miezi iliyobaki ni ya njiwa.

Tembe za Wagogo hazikuwa na dohani. Moshi ulijipenyeza wenyewe kwenye paa la udongo, na miti ya paa iliyoiva kwa moshi ilikaa miaka bila kuliwa na mchwa. Macho ya wapishi ndiyo yaliyolipa gharama.

Kusafisha peke yake ni shilingi ngapi?

Bomba la chuma la jiko la nje, nyumba ya chini, ngazi ya kawaida inafika: 25,000 hadi 40,000. Kazi ya saa mbili.

Dohani ya matofali ya nyumba ya kawaida: 60,000 hadi 100,000. Hapo tuko wawili, mimi na kijana, na siku yetu imekwisha. Oveni ya mikate huwa 80,000, na lazima uizime tangu jana yake. Kuna aliyeniita saa nne asubuhi wakati ameoka usiku kucha. Matofali yale yalikuwa bado yanaunguza kiganja, nikarudi nyumbani, na nauli ya bodaboda alilipa yeye.

Dohani ambayo haijaguswa miaka mitano au kumi ni habari nyingine. Masizi ya kawaida ni unga mweusi mkavu, ukiupiga brashi unaanguka. Lakini ukichoma kuni mbichi mvuke na moshi vinapoa njiani, vinaganda ukutani kama lami. Lami ile haisikii brashi. Inakwanguliwa kwa chuma, kidogo kidogo, na bei inafika 120,000 hadi 150,000 kwa sababu ya muda, maana mkono wangu ni ule ule.

Mbona fundi mwingine ameniambia 15,000?

Inawezekana kabisa. Muulize anafanya nini kwa hiyo 15,000. Mara nyingi anapanda juu, anaingiza mti wenye kitambaa, anasukuma mara tatu, anashuka. Masizi yameanguka chini kwenye kona ya bomba na hakuna aliyeyatoa. Wiki ya pili moshi unarudi ndani unadhani dohani imeharibika.

Bei yangu ina vitu vinne ndani yake: kusugua juu hadi chini, kutoa masizi yote kwenye kona na kwenye mdomo wa jiko, kukagua shingo, yaani pale dohani inapotoboa paa, na kufunika vyombo vyako kwa turubai ili usihitaji kupaka rangi upya. Kama hutaki ukaguzi wa shingo nitakupunguzia 10,000, ila nitakushauri usipunguze hapo. Sababu utaiona mbele kidogo.

Nisafishe mara ngapi, na mwezi gani?

Ukipika kwa kuni kila siku, mara mbili kwa mwaka. Ukipika mara moja moja, mara moja inatosha, lakini ukaguzi wa kila mwaka usiuache hata kama hukuwasha kabisa, maana ndege na nyuki hawasubiri uwashe. Kipimo ninachotumia ni kucha: kwangua ukuta wa ndani, kama utando umefika unene wa milimita 3, umechelewa.

Mwezi mzuri ni Oktoba au mwanzo wa Novemba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza kukaza Desemba na kuisha Aprili. Ukisafisha Oktoba unaona na nyufa zote zikiwa kavu, na muda wa kuziba upo. Mteja wa Januari analipa zaidi: bati linateleza, chokaa haikauki, na mimi natoka nikiwa nimelowa. Ukishindwa Oktoba, nipigie Mei, kabla ya baridi ya Juni na Julai.

Naweza kusafisha mwenyewe nikaokoa hela?

Bomba la jiko la nje, ndiyo, na nakuhimiza ufanye hivyo. Moto uwe umezimwa tangu jana. Vaa barakoa, mikono mirefu na kitu cha kufunika macho. Brashi za dohani ni adimu madukani kwetu. Mimi ya kwanza nilijitengenezea: nilichukua kipande cha gunia la katani, nikakikunja kama mpira mkubwa kidogo kuliko bomba, nikakifunga katikati ya kamba mbili. Kamba moja inabaki juu, nyingine inashuka chini ikiwa na jiwe. Mtu mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini, kama mnapiga msumeno. Katani ni kavu na ina makali yake, inatoa masizi vizuri bila kukwaruza chuma.

Kabla ya kuanza, funga mdomo wa jiko kwa gunia bichi. Mkisahau hilo, masizi yote yataingia jikoni, na mama mwenye jiko hatawasahau.

Masizi yakishatoka, yaweke kwenye ndoo ya chuma na yaache nje usiku mzima. Kaa dogo linaweza kujificha humo ndani hata siku nzima. Usiyaweke kwenye kiroba cha plastiki.

Dohani ya matofali ya juu ya paa la mgongo mkali, usipande. Anguko moja linakula hela ya kusafisha ya miaka ishirini.

Nimeambiwa niwashe moto mkubwa wa mabua ili masizi yaungue yenyewe. Ni kweli?

Masizi yataungua kweli, na paa linaweza kufuatia. Moto ndani ya dohani yenye lami unaweza kupita nyuzi joto 1,000. Matofali yanapasuka, bomba la chuma linakuwa jekundu, na mbao za kenchi ziko pembeni yake. Mabua ya mtama na uwele ndiyo mabaya zaidi kwa jambo hili, kwa sababu yanawaka haraka na kurusha vipande vyenye moto hadi juu. Chumvi na maganda ya viazi nayo nimeyasikia. Hayaondoi lami iliyokwisha kuganda.

Nikisikia dohani inanguruma kama lori, nifanye nini?

Huo ni moto ndani ya dohani. Toa watu nje kwanza. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama jiko lako lina kilango cha hewa, kifunge upesi ukiwa unatoka, kwa sababu moto bila hewa hudhoofika. Usimwage maji juu ya dohani yenye moto: tofali lililopata joto lile likimwagiwa maji linapasuka. Hata moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena mpaka ikaguliwe ndani.

Moshi unarudi ndani. Hiyo ni gharama kubwa?

Mara nyingi ni ndogo, kama utanieleza vizuri moshi unarudi lini.

Unarudi kila siku, hata kukiwa shwari? Hapo kuna kizuizi au masizi, na kusafisha kutamaliza. Unarudi jioni tu upepo ukivuma? Dohani yako ni fupi. Upepo wa Dodoma unatoka mashariki, na miezi ya kiangazi hauna huruma. Ukigonga mgongo wa paa unajikunja na kuusukuma moshi chini. Kanuni ninayofuata ni kwamba mdomo wa dohani uwe juu ya paa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na uwe juu kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60 au zaidi. Kuongeza mita moja ya bomba pamoja na kofia na waya wa kulishikilia huwa kati ya 70,000 na 110,000.

Unarudi ukifunga mlango na madirisha tu? Hapo usinilipe kitu. Moshi hautoki kama hakuna hewa inayoingia kuujazia nafasi. Toboa tundu la hewa chini ya ukuta, weka wavu wa panya, mambo yameisha.

Na wakati mwingine ni kuni. Mgunga mkavu unawaka safi. Kuni zilizokatwa wiki iliyopita, hata ziwe za mti gani, zitakutesa. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia, vibichi vinanyamaza.

Maji yanavuja pembeni ya dohani. Hapo je?

Hapa ndipo pesa za watu zinapokwenda, kwa hiyo nitaongea kidogo zaidi.

Dohani ina mdomo, ina koo, na ina shingo. Watu hujali mdomo kwa sababu wanauona na koo kwa sababu moshi unawarudia. Shingo hakuna anayeijali mpaka doa la manjano litokee kwenye silingi. Bati la paa linapanuka mchana na kusinyaa usiku, dohani nayo ina joto lake, kila kimoja kinavuta upande wake. Fundi aliyejenga aliziba tundu kwa saruji. Saruji haivutiki. Msimu wa kwanza inafanya ufa mwembamba kama unywele, msimu wa pili maji yanapita.

Kuna nyumba Mkonze, mama mmoja aliniita kwa ajili ya doa kama sahani kwenye jipsamu. "Mwanangu, niwekee tu silikoni, hela sina." Nikamwambia nipe nusu saa nifungue bati moja. Nilipolinyanyua, papi, yaani mbao inayobeba bati, iliyopita kando ya bomba ilikuwa nyeusi upande mmoja. Niliibonyeza kwa dole gumba ikavunjika kama mkaa, kwa sababu ilishakuwa mkaa. Kati ya bomba na ile mbao palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Miaka minne mbao ile ilikuwa inaivishwa polepole kila jioni akipika ugali, na mbao iliyokaushwa hivyo hushika moto kirahisi kuliko mbao mpya. Maji ya mvua, kwa ajabu yake, ndiyo yaliyoiokoa nyumba, kwa sababu bila doa lile asingeniita.

Bomba tupu la ukuta mmoja linatakiwa likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Kwa nyumba zetu nafasi hiyo ni ngumu kupatikana, kwa hiyo pale kwenye paa navisha koti: bomba la pili, pana zaidi, linalozunguka la kwanza na kuacha hewa katikati, na mbao zinakatwa na kufungwa upya mbali na koti. Kisha bati la shingo, lililokunjwa vizuri, upande wa juu likiingia chini ya bati la paa na upande wa chini likilala juu yake. Silikoni ya joto inakuja mwisho, kama msaada. Ukiona fundi anaanza na silikoni, ujue hana mpango wa kufungua bati.

Bei ya shingo: kama mbao ni nzima, 90,000 hadi 180,000 pamoja na vifaa. Kama papi na kenchi zimeungua au kuoza, fikiria 250,000 hadi 400,000. Yule mama alilipa 280,000 kwa awamu tatu. Tofauti ya kuwahi na kuchelewa unaiona mwenyewe.

Nyufa kwenye matofali: nizibe kwa saruji?

Usizibe kwa saruji tupu. Hili nililijifunza kwa hela yangu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi nilipiga lipu dohani moja ya Chang'ombe kwa mchanganyiko mkali wa saruji, ikapendeza, mwenye nyumba akafurahi na kunipa hela ya soda. Mwezi haukuisha. Lipu ilipasuka vipande vipande na ikavuta na nyuso za matofali. Nilirudi nikabomoa na kurudia bure, siku tatu.

Matofali yetu ya kuchoma ni laini na yanapumua. Saruji kali ni ngumu kuliko tofali lenyewe, kwa hiyo joto likija kinachopasuka ni tofali. Nje natumia chokaa na mchanga na saruji kidogo. Ndani, panapoguswa na moto, natumia udongo wa kichuguu uliochekechwa na mchanga, ule ule ambao mafundi wa majiko banifu wanautumia. Unauloweka, unaukanda, unaacha ukauke kivulini bila haraka. Moto wa kwanza uwe mdogo.

Kuziba nyufa za juu juu kwa dohani ya kawaida ni 50,000 hadi 80,000. Ufa unaopenya hadi ndani, ambao ukishika tochi upande mmoja mwenzako anaona mwanga upande wa pili, hauzibwi. Panabomolewa pale na kujengwa upya. Na kama ufa unashuka hadi kwenye msingi, hiyo si kazi yangu tena. Kuna viwanja vyenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kusinyaa, na pia huku tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, mitetemeko hutokea. Tafuta mhandisi kwanza.

Bomba la bati linatosha, au lazima chuma?

Bati la mabomba ya kawaida lina ngozi ya zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Karibu na mdomo wa jiko joto hilo linafikika, na zinki ikiungua moshi wake ni sumu. Hapo weka chuma cheusi cha milimita 2. Huko juu, ambako moshi umeshapoa, bati zito linaweza kufaa, ila litatoboka mapema.

Kubadilisha mita 3 za bomba la inchi 6 kwa chuma cheusi, pamoja na kuchomelea na kufunga, ni 180,000 hadi 250,000. Bomba la inchi 4 ni rahisi zaidi, na ndiyo maana mafundi wengi wanaliweka, na ndiyo maana wengi wenu mnaniita kwa habari ya moshi kurudi.

Nipe mfano wa dohani ya matofali inayojengwa upya juu ya paa.

Hii ni ya nyumba moja ya Kikuyu, kimo cha mita 1 na robo juu ya bati. Matofali ya kuchoma 120 kwa 200 kila moja yalikuwa 24,000. Mfuko mmoja wa saruji 17,000, chokaa mifuko miwili 20,000, mchanga 10,000. Kukodi jukwaa 30,000. Mimi siku tatu kwa 35,000 kila siku na kijana siku tatu kwa 15,000 kila siku, jumla 150,000. Bati la shingo 40,000 na kofia ya chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea 35,000. Ukijumlisha ni 326,000. Angalia hapo: matofali, kitu ambacho wateja hubishana nacho zaidi, ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Kinachokula hela ni siku za watu na kupanda juu.

Kwa hiyo kama una kazi mbili za juu ya paa, tuseme na paneli ya umeme wa jua inataka kusogezwa au bati limetoboka, zifanye siku moja. Jukwaa utalilipia mara moja.

Kofia ya dohani ni ya nini? Si urembo tu?

Inazuia mvua, inazuia ndege, na inapunguza upepo kurudisha moshi. Ni 25,000 hadi 45,000. Iwe na wavu, lakini wa matundu makubwa kiasi cha kidole, maana wavu wa mbu unajaa masizi ndani ya mwezi.

Kuna nyuki. Mnaweza kuwafukiza?

Kanda ya Kati ni nchi ya asali, na dohani isiyotumika ni mzinga mzuri sana. Usiwashe moto. Nta inayeyuka, inashuka, inawaka, na nyuki wote wanateremkia sebuleni. Mimi huleta mfugaji wa nyuki anayewahamisha usiku. Yeye huchukua 50,000 hadi 70,000, au asali, mkubaliane wenyewe. Baada ya hapo mimi nasafisha nta na kuweka wavu.

Na bundi?

Hii nimeulizwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mzee mmoja wa Msalato aliniambia, "Mtoe, lakini usinionyeshe." Ndani hapakuwa na kitu cha ajabu: majani, mifupa ya panya, na makinda mawili meupe yakinitazama. Tulisubiri wiki kadhaa yaruke, ndipo nikasafisha kwa bei ya kawaida. Mzee alikubali alipopiga hesabu ya panya ambao hakuwa nao ghalani mwaka ule.

Nyumba ni ya kupanga. Nani alipe?

Soma mkataba. Usipokuwa na neno juu ya hilo, ninavyoona watu wengi wakielewana ni kwamba masizi ni ya mpangaji, kwa sababu moto ni wake, na shingo, nyufa na bomba ni vya mwenye nyumba. Mpangaji, piga picha siku unayoingia.

Paa ni la zamani, nadhani ni asbesto. Utapanda?

Sitatoboa, sitakata, na sitasugua kwa brashi ya waya. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Bati la asbesto likiwa zima na halijaguswa halina haraka, lakini kupitisha bomba jipya hapo ni kazi ya watu wenye vifaa na utaratibu wa kuiondoa na kuizika. Mimi nitakupitishia bomba ukutani, ambako ni salama na mara nyingi ni rahisi kwa bei.

Nahamia gesi. Niibomoe dohani?

Wengi mnahama, na serikali nayo inasukuma: mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi mwenyewe nyumbani nina mtungi, wateja hucheka nikiwaambia. Usibomoe kwa haraka, ni gharama bure. Isafishe mara ya mwisho, weka kofia yenye wavu, na acha tundu dogo la hewa juu na chini ili unyevu usijifungie ndani na kuozesha lipu. Hiyo ni 80,000 hivi na ukaisahau. Wengi hurudi kwenye kuni siku ya shughuli, mchele kilo hamsini haupikwi kwenye mtungi mdogo.

Jiko la mkaa halina moshi. Linahitaji dohani?

Mkaa hauna moshi unaouona, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Baridi ya Julai inawafanya watu waingize jiko chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache, hata mkaa ukiwa umefifia na kubaki majivu juu. Kama kuna mtu ameumwa kichwa na kizunguzungu karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa na mpelekeni hospitali. Kwa hili sina bei ya kukutajia. Mkaa upikiwe nje au kwenye jiko lenye madirisha mawili yaliyo wazi.

Unataka malipo vipi, na nikutumie nini kabla hujaja?

Kusafisha unalipa nikimaliza. Ukarabati, unanunua vifaa mwenyewe au tunakwenda wote dukani. Mimi sichukui hela ya vifaa mkononi, imeshanigombanisha na watu wazuri. Ufundi ni nusu nikianza na nusu mvua ya kwanza ikipita bila kuvuja, kama ni kazi ya shingo. Wengine hushangaa nikisema hivyo mwezi wa Septemba. Mvua itakuja.

Kabla sijaja nitumie picha tatu: dohani ukiwa umesimama mbali uani, mdomo wa jiko kwa karibu, na silingi pale bomba linapopita. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoifungua kwanza. Ukaguzi ndani ya mji ni 10,000, na inakatwa kwenye kazi tukikubaliana. Hombolo, Mvumi na Bahi unaongeza nauli, na nipigie kabla ya saa moja asubuhi, maana nikishapanda juu simu naiacha chini kwa kijana, na yeye hapokei namba asizozijua.